Kijiti cha Saiprasi

Tangu saa kumi na mbili asubuhi Jepleting alikuwa ameshika mpira wa kupumulia. Aliushika kwa kidole gumba na cha shahada, inchi mbili kutoka midomo ya mumewe, wala hakuruhusiwa kuubana au kuulegeza. Akiubana, hewa ilipungua. Akiulegeza, mpira ulijikunja pale pale ulipotokea menoni, na mashine ikaanza kupiga kengele. Sasa ilikuwa saa tano kasorobo. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi hadi begani, akabadilisha wa kushoto bila kuondoa macho kwenye kifua cha Kipyegon.

Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikakaa kidogo, kama kinafikiria, halafu kikapanda tena.

Kipyegon alikuwa fundi wa msumeno katika kiwanda cha mbao huko Elburgon. Miaka kumi na minne, vidole vyote kumi vikiwa mahali pake, jambo ambalo wenzake walimtania nalo kila siku. Kisha asubuhi moja mnyororo wa lori ukakatika, magogo yakateremka, moja likamlalia kifuani. Mbavu sita zilivunjika na mapafu yakavimba. Alipofikishwa hospitali ya Nakuru daktari alimpitishia mpira kooni, akamuunganisha na mashine ya kumpumulia, akamwambia Jepleting kwamba mapafu yakipumzishwa kama wiki mbili na mbavu zikianza kushikana, huyu mtu atarudi nyumbani akitembea. Jepleting alikuwa mtu wa kusahau mengi, lakini hilo hakulisahau. Wiki mbili, kisha akitembea.

Mashine ilikuwa nzuri. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye lilisemwa na watu wengi tena kwa kipaza sauti. Ilikuwa mpya, nyeupe, bado ina karatasi ya plastiki kwenye kioo. Shida ilikuwa mpira. Waithaka, nesi wa zamu ya mchana, alimweleza siku ya pili, baada ya kumchoka akimwita daktari.

"Mpira mzuri ukiingia mwilini unalegea kidogo tu, ndio usiumize koo," alisema. "Lakini hizi zililetwa juzi zinalegea kama tambi. Zikishika joto ya mwili, basi. Inajikunja hapa kwa meno. Mashine inasukuma hewa, hewa inagonga hiyo kona, inarudi. Ndio unasikia inalia."

"Si mumuwekee ingine?"

"Zote ni za box moja, mathe. Na vile koo imevimba, nikitoa hii naweza kosa njia ya kurudisha."

"Na hakuna aina ingine kabisa?"

"Iko. Kuna zile ziko na waya ndani, hizo hazijikunji hata ukizikanyaga." Waithaka alitoa daftari chini ya meza, akamwonyesha mahali alipoandika ombi, mara tatu, tarehe tatu. "Stoo walinijibu hizi zimepita, ziko na stempu. Wakaniuliza kama mimi ni nesi ama injinia."

Waithaka alikuwa mmoja na vitanda vilikuwa sita. Mlangoni palibandikwa tangazo la wino mwekundu kwamba jamaa za wagonjwa hawaruhusiwi ndani ya ICU isipokuwa saa moja kwa siku, na chini ya tangazo hilo jamaa walipita alfajiri wakiwa wamevalishwa magauni ya kijani, kwenda kushika mipira. Kila mtu hospitalini alijua. Jepleting alishika mchana, na Kipkirui, mdogo wake Kipyegon, alishika usiku. Walipokezana mpira kama watu wanaopokezana mtoto aliyelala.

Siku ya tatu ya kushika, Jepleting aliukasirikia ule mpira. Aliutazama unavyolegea kila akipunguza mkono, akajiona mjinga. Yeye alifanya kazi kwenye bustani ya miche. Mwaka mzima mikono yake ilikuwa kwenye mashina laini yasiyoweza kusimama, na dawa yake haikuhitaji kitabu: unachomeka kijiti kando ya mche, unafunga mahali pawili, unauacha usimame. Alikuwa amefunga miche elfu ngapi? Na hapa alikuwa ameketi siku tatu akifanya kazi ya kijiti.

Jioni alimwambia Kipkirui, "Shemeji, kesho ukikuja niletee kipande ya mbao ya saiprasi. Iliyokauka vizuri, isiyo na fundo. Na msasa."

Kipkirui alileta kutoka kiwanda kile kile. Jepleting alichonga kwenye benchi la nje, kwa kisu cha kumenyea viazi, kijiti cha urefu wa kiganja, chembamba, bapa upande mmoja na upande wa pili kikiwa na mfereji wa kulalia mpira. Alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama jino. Alimpelekea Waithaka. Waithaka alikigeuza, akatazama mlango, akatazama vitanda vyake sita, halafu akakichemsha, akakiloweka kwenye dawa ya kuua viini, akakizungushia bandeji. Alikifunga kando ya mpira mahali pawili, ncha moja ikiwa katikati ya meno ya Kipyegon.

Kengele ikanyamaza. Namba ya presha ya hewa kwenye kioo, iliyokuwa imekaa arobaini na kitu tangu siku ya kwanza, ikaanza kuteremka. Thelathini na tano. Ishirini na nane. Ikatulia ishirini na mbili. Waithaka aliitazama, akacheka peke yake.

"Mathe," alisema, "wale wa stoo wakitafuta injinia nitawatuma kwako."

Jepleting alishusha mkono. Haukujua pa kwenda. Aliuweka mapajani, akalia, si kwa huzuni, ni uchovu tu uliokuwa umesubiri zamu yake.

Kwa siku tano kijiti kilifanya kazi ambayo serikali ilishindwa kufanya. Siku ya tatu Kipyegon alifungua macho. Siku ya nne alimfinya Jepleting kidole, akang'ata kijiti kwa hasira, na Jepleting akamkaripia kwa Kikalenjin kwamba hata hapa anakula mbao za watu. Ukingo wa midomo yake ulisogea. Daktari alimsikiliza kifua, akapunguza nguvu ya mashine, akasema, "Jumatatu tutajaribu kutoa mpira apumue mwenyewe."

Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi, na kati ya vitanda sita mpira ulikuwa umebaki kwa Kipyegon tu. Alhamisi mchana alikuja Bwana Kihara, msimamizi wa hospitali, kukagua chumba. Ijumaa kulikuwa na uzinduzi. ICU ilikuwa imefanya kazi miezi saba, watu walikuwa wamepona humo na wengine wamekufa humo, lakini ilikuwa haijazinduliwa. Palikuwa na bango la kufunuliwa, utepe wa kukatwa, na mheshimiwa wa kuukata.

Kihara alikuwa mtu mpole. Alimpa Jepleting pole ya kuuguza, akamuuliza wametoka wapi, akasema Elburgon kuna baridi. Kisha kalamu yake ikasimama juu ya mdomo wa Kipyegon.

"Hii ni nini?"

"Ni kijiti," Jepleting alisema.

"Naona ni kijiti. Inafanya nini kwa mdomo ya mgonjwa?"

Waithaka alieleza. Alieleza joto la mwili, kona ya menoni, namba ilivyoteremka, mtu alivyofungua macho. Kihara alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtia Jepleting moyo.

"Nimekuelewa," Kihara alisema. "Lakini kesho kuna kamera, Waithaka. Watu wataona mashine ya kisasa, halafu kando yake wataona kuni. Si watauliza?"

"Wacha waulize."

"Sasa hiyo ndio shida." Akamgeukia Jepleting. "Ni dakika ishirini tu, mama. Wageni wakitoka, mnarudisha kijiti yenu."

"Basi niache nishike na mkono," Jepleting alisema. "Nitachuchumaa nyuma ya kitanda. Hakuna mtu ataniona, boss. Mimi nimeshika siku nyingi, mkono yangu imezoea."

Kihara alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Familia hawaruhusiwi ndani, mama. Ni sheria. Hata imeandikwa hapo kwa mlango."

Siku ya Ijumaa ratiba ilisema saa tatu. Saa mbili na nusu Waithaka alifungua bandeji na kutoa kijiti, akakitia mfukoni mwa sare mpya ambayo ilikuwa bado na mistari ya kukunjwa dukani. Jepleting alitolewa nje, hadi kwenye veranda, palipokuwa na dirisha kubwa la kioo. Kutoka hapo kitanda cha Kipyegon kilionekana chote. Askari wa mlangoni, Maxwel, alimwonyesha mstari wa chokaa uliochorwa kwa ajili ya siku hiyo na kumwambia asiuvuke.

Saa tatu ilipita. Waithaka alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika mpira kwa mkono. Saa nne wakaambiwa wageni wametoka Njoro. Saa nne na nusu wakaambiwa wageni ndio wanatoka Njoro. Saa tano mtu alipita akisema wamesimama kunywa chai. Waithaka hakuachia. Mara mbili aliinua macho hadi dirishani, akamwona Jepleting, akainua kidole gumba cha mkono uliokuwa huru.

Saa sita kasoro dakika kumi ving'ora vilisikika langoni. Kihara aliingia akipiga makofi mepesi, akaita mstarini wauguzi wote, pamoja na wale wa wodi nyingine walioletwa kwa ajili ya siku hiyo. Jepleting alimwona Waithaka akizungumza, akamwona Kihara akiangalia saa. Alimwona Waithaka akikata plasta, tabaka moja, la pili, la tatu, akiugandamiza mpira kwenye shavu la Kipyegon. Kisha akaenda kusimama mstarini pamoja na wengine.

Wageni waliingia. Walikuwa wengi kuliko wagonjwa. Walivaa vifuniko vya viatu vya buluu, wakapiga picha viatu hivyo.

Jepleting hakuwatazama. Alitazama plasta. Kipyegon alikuwa akitoka jasho, na plasta na jasho havijawahi kupatana. Ukingo wa kwanza ulijikunjua, kisha wa pili. Mpira ulianza kuinama polepole, bila haraka yoyote, ukalala juu ya mdomo, ukavunjika kona. Kengele ikalia. Aliisikia hadi nje.

Mheshimiwa alikuwa ameshashika kipaza sauti, akanyamaza. Kihara alimnong'oneza kijana wa ofisini aliyekuwa karibu, na yule kijana akasogea mbele ya mashine akabonyeza kitufe. Kengele ya mashine ile ukiibonyeza inanyamaza dakika mbili. Haiponyi kitu, inanyamaza tu. Baada ya dakika mbili ililia tena, kijana akabonyeza tena. Alifurahi kupata kazi.

Spika za nje zilileta hotuba hadi veranda. "Mimi nimetembea hospitali nyingi," mheshimiwa alisema. "Huko kwingine ukiingia ICU ni kelele, kelele, huwezi hata kuongea. Lakini sikizeni hapa vile mashine zimetulia. Hiyo ndiyo inaitwa maendeleo." Wakapiga makofi. Kijana akabonyeza.

Kifua cha Kipyegon hakikuwa kikipanda.

Waithaka alikuwa mstarini, mikono nyuma, macho kwenye mashine. Aliona. Jepleting alijua kwamba ameona, na wakati huo alimchukia kuliko watu wote waliokuwa mle ndani, maana wengine hawakujua walichokuwa wakikitazama. Alivuka mstari wa chokaa, akagonga kioo kwa kiganja. Akagonga tena, kwa mikono miwili, akilitaja jina la mumewe.

Mheshimiwa aligeuka. Alimwona mwanamke dirishani ameinua mikono, akatabasamu, akampungia. Kamera nayo ikageuka. Watu wawili watatu nyuma ya mheshimiwa wakampungia pia.

"Mathe, tafadhali," Maxwel alisema, amemshika kiwiko kwa mikono miwili. "Mathe, utafanya nifutwe. Niko na watoto."

Kitufe kilibonyezwa mara saba. Alihesabu. Mara ya saba ndipo Waithaka alipotoka mstarini, akawapita wageni kwa bega, akaunyoosha mpira, akapanda kitandani kwa magoti na kuanza kukandamiza kifua kile chenye mbavu sita zilizovunjika. Mapazia yakavutwa. Wageni walielekezwa kwenye hema, kula.

Saa saba na robo daktari alitoka kumwambia.

Ofisi ya Kihara ilikuwa na zulia. Alimpa maji, akampa pole, na Jepleting aliona kwamba macho yake yalikuwa mekundu. Pengine alikuwa mtu mwema. Mezani palikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa pameandikwa kwamba mgonjwa alifariki kutokana na majeraha ya kifua yaliyosababishwa na gogo.

"Unaweka sahihi hapa, mama. Na hapa ni ya kuchukua vitu zake."

"Mimi nataka iandikwe mpira ilijikunja."

"Mama."

"Iandikwe mlitoa kijiti. Iandikwe kengele ilibonyezwa mara saba."

Kihara alivuta fomu, akaisoma juu hadi chini kama mtu anayetafuta kweli. "Hii fomu haina nafasi ya hiyo," alisema.

Jepleting alisaini ya vitu. Ile nyingine hakuisaini. Vitu vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani: mabuti, mshipi, simu yenye kioo kilichopasuka, fulana iliyokatwa kwa mkasi. Chini kabisa, kimefungwa kwenye bandeji, palikuwa na kijiti. Waithaka alikuwa amekitia humo mwenyewe. Jepleting alikifungua nje, kwenye mwanga. Kwenye ncha iliyong'atwa, maana saiprasi ni laini, meno ya Kipyegon yalikuwa yameingia, manne juu na mawili chini, vizuri kabisa. Ndiyo alama pekee iliyobaki ya kwamba mtu huyu alikuwa ameamka na kukasirika. Na ndiyo iliyobaki ya kuonyesha kwamba palikuwa na kijiti.

Kipkirui alikuwa amepata wakili, binti wa jirani yao, aliyesema msikipoteze hicho kitu, bila hicho ni maneno yenu na maneno yao. Jepleting alikiweka kifuani, ndani ya nguo, na akalala nacho siku tatu.

Jumatatu, ile ile Jumatatu ya kutolewa mpira, walikuja kuchukua mwili. Kipkirui alikwenda na watu wa jeneza kwenye mochari. Jepleting aliketi kwenye benchi la nje alilochongea kijiti, na maranda machache ya saiprasi yalikuwa bado kwenye nyufa za sakafu. Ukutani mkabala, pamoja na matangazo mengine, palikuwa na picha mpya kubwa ya uzinduzi. Mheshimiwa alikuwa akipungia mtu mkono.

Waithaka alimtokea upande wa veranda. Sare ilikuwa ile ile, imechafuka. Hakuketi.

"Mathe, pole."

Jepleting alisukuma maranda kwa ncha ya kiatu.

"Sina haki ya kukuomba kitu," Waithaka alisema. "Ile kijiti. Uko nayo?"

"Iko."

"Kuna msichana. Safiyo, mwanafunzi wa Njoro, pumu imemshika tangu jana. Ako kwa kitanda ya..." Akaacha. "Kitanda nne. Mamake ameshika mpira tangu asubuhi lakini mikono inatetemeka, ni mzee. Nimejaribu zile vijiti za kuangalia koo, zinavunjika. Namba iko arobaini na nane."

"Si ulikuwa unajua pia hiyo siku," Jepleting alisema. "Namba."

"Nilijua."

"Ukasimama."

"Nilisimama." Hakuangalia chini wala pembeni. "Nilijiambia ni dakika moja tu imebaki. Nilijiambia hivyo kila dakika."

"Hii ni ushahidi. Wakili amesema nikiipoteza hatuna kitu."

"Najua, mathe."

"Nikuchongee ingine. Nitafute mbao."

"Inachukua muda gani?"

Kufunga mche mmoja hakuchukui muda. Lakini kuchonga mfereji, kupiga msasa, kuchemsha, kuloweka, ni mchana mzima, na Waithaka alijua, na Jepleting alijua. Kutoka ndani, nyuma ya mlango wenye tangazo la wino mwekundu, kengele ilianza kulia.

Alitia mkono kifuani, akatoa bandeji, akaifungua. Aliweka ncha ya kidole chake kwenye zile alama, moja moja, zote sita. Kisha akampa. Waithaka alikipokea kwa mikono miwili, akakisukuma ndani ya mkono wa sare mpaka kikapotea.

"Hao wageni," Jepleting aliuliza, "wanarudi lini?"

Waithaka alikuwa amefika mlangoni. "Kesho kuna wengine. Wanaleta cheti ya kupongeza hospitali. Wamesema saa tatu."

"Saa tatu yetu ama saa tatu yao?"

Kengele ilikuwa ikilia, akaingia. Mlango ukajifunga wenyewe. Jepleting alibaki ameelekeza sikio. Kengele ililia kwa muda, ikaendelea kulia, kisha ikanyamaza ghafla. Alianza kuhesabu dakika mbili, na akiwa pale kwenye benchi hakuweza kujua kama kilichoinyamazisha kilikuwa kijiti au kidole.